Mnaofundisha watu kutengeneza Windows, acheni kuwakaririsha amri msizozieleza

Wakuu, nimechoka na leo naomba tuambizane ukweli. Karibu kila somo la kutengeneza mafaili ya Windows yaliyoharibika ni lile lile: fungua kidirisha cheusi cha amri (Command Prompt) kama administreta, andika sfc /scannow, subiri ifike asilimia 100, zima uwashe, kwaheri. Majibu hayasomwi! Kuna video nimeitazama, maandishi yako wazi kwenye skrini kwamba mafaili mabovu yamepatikana na baadhi yameshindikana kutengenezwa, halafu mwalimu anasema "mnaona, imekubali". Imekubali nini sasa?

Hiyo sfc haitoi mafaili mazima hewani. Inakagua mafaili ya mfumo, na ikikuta bovu inachukua nakala nzima kutoka kwenye hazina iliyo ndani ya kompyuta hiyo hiyo, folda ya WinSxS. Hazina yenyewe ikiwa imeoza, utarudia sfc mpaka kuche na jibu litakuwa lile lile. Ndiyo maana kwenye Windows 10 na 11 Microsoft wenyewe wanaelekeza uanze na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ambayo inaitengeneza hazina kwa kuvuta mafaili mazima kutoka Windows Update, kisha ndipo uje na sfc. Kompyuta haina intaneti? Unaielekeza kwa /Source kwenye mafaili ya kusakinishia Windows ya toleo linalolingana. Hili hamlisemi. Wala hamwambii mtu kwamba DISM huweza kuganda kwenye asilimia ile ile kwa muda mrefu, basi anadhani imekufa, anaifunga katikati ya kazi.

Na ikishindikana, maelezo yapo: C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log. Tafuta mistari yenye [SR], utaona faili lililogoma kwa jina lake. Kumwonyesha mwanafunzi hapo ni dakika chache tu.

Kinachoniuma zaidi ni kutouliza mafaili yameharibikaje. Umeme ulikatika katikati ya apdeti? Kuna virusi? RAM mbovu? Diski inakufa? Kama ni diski, cha kwanza ni kuokoa picha na kazi za mtu kwenda kwenye diski nyingine, siyo kumrushia chkdsk /r, amri ya kukagua diski, ambayo inasoma diski nzima na kuikamua wakati inakata roho. Mtu anapoteza miaka ya kazi zake kwa ushauri wa sekunde kumi!

Halafu kuna nyie wa "pakua dll hii (faili ambalo programu hulitegemea), ibandike System32", folda ya mafaili ya Windows yenyewe. Faili la mtu usiyemjua, unaliingiza kwenye moyo wa mfumo kwa mkono wako mwenyewe. Huo ni mlango wa virusi, na mnaufundisha kama tiba.

Wengine jibu lao la kwanza kwa kila kitu ni "piga Windows upya". Mnajua fika kwamba unaweza kuendesha setup (programu ya kusakinishia Windows) ukiwa ndani ya Windows yenyewe, ukachagua kubakiza mafaili na programu, na mfumo ukajengwa upya bila kufuta kitu cha mtu. Kwa nini mnaficha?

Mwenye somo la sfc peke yake alirekebishe: aweke DISM mbele, asome majibu kwa sauti, na aanze kwa kumwambia mtu ahifadhi vitu vyake. Asiyeweza, alifute.