Re: Wageni 34 kutoka Tanga mwezi wa saba, kutembea Nairobi kwenye baridi

Kutoka: Donholm

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Kwaya ya mama zetu wa Tanga inakuja kuiona Nairobi. Jumla yao ni 34: wazee sita waliopita miaka 65, watoto wanne, waliobaki watu wazima. Wamepanga kufika Jumanne tarehe 7 Julai kwa treni ya Mombasa, wakae siku tatu kamili, kisha warudi. Tumepata nyumba mbili jirani South C na Coaster ya viti 33. Wengi hawajawahi kukutana na baridi ya huku. Naomba wenye ujuzi mnisaidie: waanzie wapi, wavae nini, na kundi la ukubwa huu hukwama wapi.

Kutoka: Lang'ata

Marahaba, binti. La kwanza kabisa, sogeza safari mbele siku moja. Tarehe 7 Julai ni Saba Saba, ambayo huku ni siku ya maandamano. Mwaka 2025 polisi walifunga barabara za kuingia mjini siku hiyo, kama walivyofanya tarehe 25 Juni, na abiria walishushwa mbali wakatembea. Treni ikifika Syokimau siku ya namna hiyo, utakuwa na wazee sita na mizigo pale stesheni bila gari la kuwachukua. Wafike Jumatano, watembee Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi.

La pili ni gari. Viti 33 kwa watu 34 haviingiani, na trafiki hawatakuachia abiria wa ziada hata akiwa mtoto wa kupakatwa. Kodi gari dogo la viti saba vya abiria: wazee sita na msaidizi mmoja. Kwenye Coaster watabaki 27, na viti sita vitabeba mablanketi, chupa za chai na mabegi. Gari dogo ndilo litakalomrudisha nyumbani aliyechoka au aliyeugua bila kuwakatizia wengine siku yao.

Sasa mpangilio wenyewe. Watu huandika orodha ya sehemu kisha wanazifuata kwa ukaribu wa barabara. Mwezi wa saba panga kwa kufuata wingu. Upepo wa kusini mashariki huleta unyevu wa bahari, ukipanda huku juu unageuka wingu zito la chini linalofunika jiji tangu usiku. Siku nyingi hupasuka mchana, siku nyingine halipasuki kabisa. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12, mchana jua likitoka hufika 21 au 22. Kwa hiyo kila kinachotaka kuonekana kutoka juu kipelekwe alasiri, na wanyama waende asubuhi.

Alhamisi, Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na jua mwezi huo huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Wingu hapo ni faida: simba hawakimbilii kivulini mapema kama siku za jua kali. Waambieni mapema kwamba tembo hawamo humo, wasije wakamsumbua dereva. Faru wapo, simba wapo, twiga, nyati na pundamilia pia. Msikose mahali pembe za ndovu zilipochomwa: tani 12 mwaka 1989, na tani 105 mwaka 2016. Majivu yamehifadhiwa palepale.

Malipo hayapokelewi kwa pesa taslimu. Hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, na gari nalo hulipiwa kulingana na idadi ya viti. Raia wa Afrika Mashariki hawalipi bei ya watalii wa mbali, lakini lazima waonyeshe kitambulisho au pasipoti. Asiyekuwa nacho atahesabiwa mgeni wa nje, na tofauti ni kubwa. Lipia usiku uliotangulia, kwa sababu kulipia watu 34 pale langoni mtandao ukisumbua kutakula saa nzima, na hiyo ndiyo saa ya simba.

Coaster isitoke kwenye barabara kuu za murram. Huko bondeni udongo ni mweusi, ukilowa hushika tairi, na abiria hawaruhusiwi kushuka kusukuma. Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii ni vioo. Watu 27 wakipumua ndani ya gari lililofungwa, vioo hupata ukungu ndani ya dakika kumi na hakuna atakayeona kitu. Fungua madirisha mawili yanayotazamana, upana wa vidole viwili, moja mbele na jingine nyuma, na kila safu iwe na kitambaa kikavu. Ndiyo, upepo utaingia. Hapo ndipo mablanketi yanapofanya kazi.

Na chupa za plastiki za kutupa ni marufuku ndani ya mbuga na misitu, Karura ikiwemo, tangu 5 Juni 2020. Chukueni maji kwenye dumu la lita 20 na vikombe vya bati.

Kutoka: Ngara

Nakubaliana na Mzee wa Lang'ata kuhusu wingu. Naongeza ya mjini.

Ijumaa asubuhi waanzie Makumbusho ya Taifa, Museum Hill. Ni ndani, kuna vyoo vya kutosha, na manyunyu hayawasumbui. Wasipite mbio chumba cha mifupa ya kale: yumo mvulana wa Turkana, mifupa yake ina umri wa takriban miaka milioni 1.6, na ni nadra sana kupatikana mifupa ya kale kamili namna ile. Watoto watataka nyoka, nao wako uani. Fika mlango unapofunguliwa, maana shule za Kenya zinakuwa katikati ya muhula na mabasi ya wanafunzi hujaa kuanzia saa nne.

Mchana, KICC, ukumbi wa mikutano wa Kenyatta. Jengo lilikamilika mwaka 1973, urefu wake mita 105, na juu kuna uwanja wa helikopta ambako unaliona jiji lote hadi mbugani. Nenda saa nane mchana au baadaye, na kabla ya kulipa tazama juu ukiwa chini: ikiwa ncha ya jengo imefunikwa, hakuna utakachoona. Kila mtu awe na kitambulisho mkononi. Lifti haifiki juu kabisa, mwishoni kuna ngazi, na juu upepo ni mkali. Mzee mwenye magoti mabovu abaki chini na chai yake.

Kwa miguu mjini, msitembee watu 34 kwa mkia mmoja. Taa za barabarani zitawakata katikati, na wenye kupora simu huwatafuta walio nyuma wanaopiga picha. Gawanya makundi manne, kila kundi na mwenyeji wa humu anayewajua watu wake kwa sura. Makundi yapishane dakika kumi. Kituo cha kukutania kiwe kimoja, na nashauri Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, mbele ya sanamu ya Tom Mboya. Kila dereva wa matatu anapajua. Ndani kuna picha na vinyago vya mkusanyiko wa Joseph Murumbi, na kiingilio ni kidogo. Jumapili hapafunguliwi.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi bustani ya kumbukumbu ya 7 Agosti, ulipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa mwaka 1998. Watu 213 walikufa hapa Nairobi, na Dar es Salaam iliguswa siku hiyohiyo, kwa hiyo wageni wenu watataka kusimama hapo kidogo. Wapeni nafasi. Stesheni ya zamani na Makumbusho ya Reli viko karibu. Lipo behewa namba 12, ambamo simba alimtoa afisa wa polisi Charles Ryall pale Kima mwaka 1900. Wazee hupapenda sana, na mabehewa yanakinga upepo.

Wasipige picha askari, Ikulu wala jengo lolote lenye walinzi wenye bunduki.

Kutoka: South B

Niseme ya afya, kwa sababu hili ndilo linalonitia hofu kila Juni hadi Agosti.

Nyumba za Nairobi hazina vipasha joto. Mgeni akihisi baridi usiku, hasa mama aliyezoea jiko la mkaa, ataliingiza chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Kila mwaka huku familia hupotea hivyo. Dada, waambie kwa maneno makali jioni ya kwanza: jiko halilali ndani, hata likionekana limebaki majivu. Anayeumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwenye chumba chenye jiko atolewe nje mara moja, kisha hospitali.

Badala yake, kila kitanda kiwe na blanketi mbili nzito, soksi miguuni na kofia ya sufu kichwani. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, ikiwekwa miguuni nusu saa kabla ya kulala, inamtosha mzee.

Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, isikae kwenye begi lililo chini ya gari. Hewa baridi ya asubuhi huamsha pumu. Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya bahari, kwa hiyo anayetoka pwani atahema kwenye ngazi siku ya kwanza. Apande polepole.

Na vyoo. Baridi huongeza mkojo, hasa kwa wazee na wanaokunywa chai. Panga kituo kila baada ya saa moja na nusu. Piga hesabu: watu 34, matundu mawili, dakika mbili kila mtu, hizo ni dakika 34. Ukiweka dakika kumi kwenye ratiba, siku nzima itaporomoka. Penye matundu machache wazee na watoto watangulie, na beba sarafu kwa vyoo vya kulipia vya mjini.

Kutoka: Kasarani

Jikoni na bafuni, kwa haraka.

Shawa ya umeme ya kilowati 5 ikitumika dakika sita inakula nusu yuniti. Watu 34 ni yuniti 17 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo nunua tokeni za umeme mapema. Mabafu mawili kwa watu 34 ni karibu saa moja na dakika 45. Nusu waoge jioni wakirudi, nusu asubuhi. Maji yakitoka vuguvugu, punguza mkondo, yatapata moto. Ukiwasha shawa mbili pamoja na birika la umeme, swichi kuu itajikata.

Uji wa asubuhi: lita 12, unga kilo moja na nusu, upikwe usiku wa manane kumalizia alfajiri saa kumi na moja. Chai ya tangawizi iende kwenye chupa nne za lita tatu. Huku maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 tu, ndiyo maana maharage ya mpishi wa Tanga yatamgomea. Aloweke tangu jioni na afunike sufuria vizuri. Wali nao aupe maji na muda zaidi ya alivyozoea.

Kutoka: Donholm

Nashukuru sana, wazazi wangu. Safari imesogezwa hadi tarehe 8. Nina maswali mawili: nguo wanunue Tanga au huku? Na Jumamosi kuna mwenye pendekezo?

Kutoka: Ngara

Wanunue huku, mitumba ya masweta ni mingi na bei nafuu. Lakini usiwapeleke watu 34 kwenye msongamano wa soko la Gikomba. Andika saizi za wote, tuma watu wawili soko la Toi, pale karibu na Adams, siku mbili kabla. Kila mtu apate sweta la sufu, koti jepesi la kuzuia upepo, marvin (kofia ya sufu) na soksi jozi tatu. Khanga haizuii baridi, ijapokuwa juu ya sweta inafaa shingoni. Viatu viwe vya kufunika. Ndala za Tanga zitawaponza mbugani na kwenye matope ya Lang'ata.

Jumamosi, Giraffe Centre, kituo cha twiga, saa tatu asubuhi, mlango unapofunguliwa. Bomas, penye ngoma za asili, niliiacha kwa sababu ujenzi mkubwa ulianza huko mwaka 2025.

Kutoka: Lang'ata

Wengine watakuambia ufuatishe Sheldrick, kituo cha kulea watoto wa tembo yatima, siku hiyohiyo. Kwa kundi hili nisingefanya. Wageni huingia saa tano hadi saa sita tu, nafasi hukatwa mapema, ada ya lango la KWS, shirika la wanyamapori, ni ya pembeni, na saa nzima ni kusimama kwenye udongo mwekundu. Wapeleke watu saba tu kwa gari dogo, maana safari mbili hazitawezekana. Waliobaki waende Kenyatta Market wakale nyama choma na supu.

Kuhusu kuja: kutoka Horohoro na Lunga Lunga wapitie Dongo Kundu, hawana haja ya feri ya Likoni, na barabara hiyo inawatoa upande wa stesheni ya Miritini. Wapate treni ya saa mbili asubuhi, hata kama italazimu kulala Mombasa. Wataona Tsavo, na watafika Syokimau kungali na jua. Ile ya saa tisa alasiri huwashusha usiku. Tiketi hudai namba ya hati ya kila abiria, kwa hiyo kusanya orodha sasa. Kila mtu, mtoto akiwemo, awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na kadi ya homa ya manjano ambayo huulizwa wakati wa kurudi nyumbani. Chanjo huanza kutambuliwa baada ya siku kumi, wasichanje wiki ya safari.

Visu vya mpishi na mitungi ya gesi havipiti ukaguzi wa stesheni. Na mtu wenu mmoja aende Miritini na masweta ya wazee ili wavae kabla ya kupanda, kwa sababu kiyoyozi cha behewa huanza kuwatesa kabla hata ya Voi.