Tupeane uzoefu: Sikukuu unakulaje bila dayati na bado mwili unabaki salama?

Mleta mada (Rombo/Dar):
Wakuu, habari za jioni. Desemba ndiyo hii, watu wameshaanza kukata tiketi. Naomba tusiongelee dayati wala maji ya limao ya kuondoa kitambi. Nawataka wale ambao sikukuu wanakula kama wenzao, lakini wanarudi mjini presha iko sawa na mwili hauna malalamiko. Mnafanyaje? Leteni mliyoyaishi, siyo ya kusikia.

Naanza. Uchagani mwisho wa mwaka kila boma lina mbuzi na mbege, ile pombe yetu ya ndizi, na baba mdogo ukimpita bila kuingia ni kesi. Kukataa chakula cha mtu kule ni kumdharau, kwa hiyo hilo nimeliondoa kabisa kwenye mawazo. Ninachoshika ni viwili tu.

Asubuhi sitoki bila mtori wa mama, bakuli zima. Wengi wanashinda njaa ili waache nafasi ya nyama. Ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, inakatwa saa tisa mchana, mtu ana njaa ya tangu jana, hapo hajui hata amekula vipande vingapi. Mwenye mtori tumboni anapewa ubavu wake, anatafuna taratibu huku anaongea na wajomba, na anaridhika.

Cha pili, kwa ndugu naenda kwa miguu. Wenye magari wananipigia honi nipande, nawapungia mkono. Kushuka kwa shangazi na kupanda tena kile kilima jasho linatoka la kweli. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwetu unazipata kwa kusalimia watu tu, na wazee wanafurahi kukuona umefika kwa miguu yako.

Bi Mkubwa wa Tanga:
Ahsante mwanangu kwa mada. Mimi nitasema ya Idd, mambo ni yale yale. Mwezi mzima tumbo limezoea futari na daku, halafu asubuhi moja linaletewa vitumbua, tambi za sukari na kaimati kabla hata jua halijapanda. Mimi nina kisukari, nimekaa nacho miaka mingi.

Pilau nakula, tena ya nyama. Ila kachumbari naijaza nusu ya sahani na naianza hiyo. Adui yangu ni soda. Kila nyumba unayoingia unafunguliwa chupa, na chupa ikishafunguliwa kuirudisha ni aibu. Chupa ya mililita 350 ina sukari kama vijiko 9 vya chai, na wataalamu wanasema kwa siku nzima ni vizuri isizidi 6. Nyumba tatu, hesabu mwenyewe. Kwa hiyo nikivua viatu tu mlangoni nawahi: "Wanangu, nipeni maji kwanza, kiu imenishika." Hakuna aliyewahi kununa kwa kuombwa maji. Kwangu mimi wageni nawawekea madafu, na watoto ndio wanaoyagombania.

Mdau wa Kakamega:
Sisi kwetu Krismasi ni kuku na ugali, hapo sina neno. Kinachoniumiza ni usingizi. Redio, wageni, watoto wa ndugu wote sebuleni. Siku hizi ikifika saa tano usiku naaga, naenda kulala kwa nyanya, nyumba yake ni tulivu. Nikilala vizuri, kesho yake hata hamu ya vitu vitamu inapungua. Nimeiona kwangu.

Mdau wa Mbeya:
Naomba msaada. Mzee wangu ana presha. Kila Desemba anasitisha dawa kwa sababu anataka kunywa na wenzake, anasema ataendelea Januari. Tunaongeaje naye?

Muuguzi, Morogoro:
Ndugu yangu, hili lisisubiri sikukuu iishe. Presha inaweza kupanda sana bila mtu kusikia chochote, na kiharusi hakipigi hodi. Mpeleke kliniki kabla hajasafiri, aulize mbele ya daktari suala la pombe na dawa zake, asikie kwa masikio yake. Wazee wengi wanamsikiliza daktari kuliko mtoto. Mnunulie dawa za kumtosha safari nzima, maduka ya vijijini mara nyingi hayana aina yake. Na chumvi: kiwango cha siku ni chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, ikijumuisha iliyomo kwenye mchuzi. Ile ya kuchovyea nyama choma iondoeni mezani, wekeni ndimu na pilipili.

Anakunywa dawa asubuhi au usiku?

Mdau wa Mbeya:
Asubuhi, baada ya chai.

Muuguzi, Morogoro:
Basi anayemtengea chai ndiye akabidhiwe dawa. Ziwekwe kwenye trei moja na kikombe.