Fleti ya mita 28 Paris: nikae wiki sita, muda uliobaki nipangishe. Inawezekana?

MguuNjia:
Habari wakuu. Ninaangalia fleti ndogo Paris, mita za mraba 28, ghorofa ya juu kabisa, euro 280,000. Benki iko tayari kunikopesha asilimia 60. Nia ni kukaa mwenyewe wiki sita kila kiangazi, halafu muda uliobaki niwapangishe watalii kwa siku chache chache kupitia Airbnb. Dalali anasema sheria inaruhusu siku 90 kwa mwaka. Mimi si mkazi wa Ufaransa. Hizo siku 90 zinanihusu? Na kabla sijatoa arabuni nikague nini?

Kitasa_4:
Hazikuhusu, na hapo ndipo wengi wanapoingia mkenge. Siku 90 (zilikuwa 120, jiji likazipunguza kuanzia 1 Januari 2025) ni za mtu anayepangisha makazi yake makuu, yaani nyumba anayoishi walau miezi minane kwa mwaka. Ya kwako ni nyumba ya pili. Nyumba ya pili haina ruhusa ya kulaza mtalii hata usiku mmoja mpaka upate kibali cha kubadilisha matumizi yake kutoka makazi kuwa biashara. Kwa Paris kibali hicho kinadai fidia: eneo lingine la biashara, tuseme ofisi, ligeuzwe kuwa makazi, au ununue haki hiyo kwa mtu aliyekwisha kufanya hivyo. Kwa fleti ya mita 28 hesabu hiyo imekufa kabla haijaanza.

Ukipita pembeni, tangu sheria ya Novemba 2024 faini inafika euro 100,000 kwa nyumba moja. Sheria hiyohiyo imerahisisha majirani kukuzuia: jengo ambalo kanuni zake tayari zinakataza biashara linaweza kupiga marufuku upangishaji wa watalii kwenye nyumba za pili kwa kura za theluthi mbili. Zamani ilibidi wote wakubali.

PaaLaZinki:
Mpango haujafa, mkuu. Umekosea aina ya mpangaji tu.

Kama wiki zako sita ni za kiangazi, chukua mwanafunzi. Kuna mkataba wa miezi tisa kwa nyumba yenye samani: Septemba hadi Mei, unakwisha wenyewe bila notisi wala kujirudia. Juni hadi Agosti nyumba ni yako. Amana inaruhusiwa hadi pango la miezi miwili.

Njia ya pili ni bail mobilité, yaani mkataba wa muda mfupi wa nyumba yenye samani, mwezi 1 hadi 10, kwa mtu aliye masomoni, mafunzoni au aliyetumwa kikazi kwa muda. Hapa huruhusiwi kuchukua amana hata senti moja, ila mpangaji anaweza kuomba dhamana ya Visale (mpango wa kumdhamini mpangaji kwa mwenye nyumba), ambayo ni bure. Sababu ya yeye kukaa kwa muda lazima iandikwe ndani ya mkataba. Isipoandikwa, mkataba unahesabiwa kuwa wa kawaida, na kiangazi kikifika utamkuta mtu kakaa kihalali kabisa kitandani mwako.

Na "samani" si kitanda na meza tu. Kuna orodha rasmi ya vitu 11 ya mwaka 2015. Vinavyosahaulika ni vidogo: pazia au luva za kuzuia mwanga chumbani, sehemu ya kugandishia ya friji inayofika nyuzi -6 au chini yake, ufagio na vifaa vya usafi. Mpangaji akithibitisha kwamba vimepungua anaweza kudai mkataba wa nyumba tupu, ambao ni miaka mitatu. Piga picha kila kitu siku ya makabidhiano.

HesabuTupu:
Niongeze hela. (Naita "kodi" ile ya serikali tu, ya mpangaji naita pango, tusichanganyane.)

Bei 280,000, ongeza gharama za notaire (mwanasheria rasmi anayesimamia mauziano ya nyumba) kama asilimia 7 hadi 8, yaani kama 20,000 hadi 22,000 taslimu. Mkopo wa 168,000 kwa miaka 20, tuseme riba ni asilimia 3.5: unarejesha kama euro 974 kwa mwezi, karibu 11,700 kwa mwaka. Pango likiwa 1,000 mara miezi tisa ni 9,000, na Paris pango la makazi lina ukomo kwa mita ya mraba, usipange bei kichwani. Humo itoke ada ya jengo, taxe foncière (kodi ya kila mwaka ya mwenye nyumba), bima na msimamizi, halafu kodi ya mapato, ambayo kwa asiye mkazi inaanzia asilimia 20 pamoja na makato ya jamii. Fleti hii itakula mfukoni kila mwaka. Si vibaya kama unaitaka kwa kuishi, ila usimwambie benki kwamba itajilipa.

Taxe d'habitation (kodi ya makazi) ya nyumba za pili, ambayo Paris imeipandisha kwa asilimia 60, inamwangalia anayekaa humo 1 Januari. Mwanafunzi akiwa ndani siku hiyo, kwa kawaida mzigo huo si wako.

MguuNjia:
Asanteni sana. Cheti cha nishati ni cha 2022, daraja G, la chini kabisa kutoka A. Hita ni za umeme. Muuzaji anasema ni karatasi tu.

PaaLaZinki:
Karatasi inayofunga mlango. Tangu 1 Januari 2025 nyumba ya G haiwezi kuingia mkataba mpya wa makazi, uwe wa mwanafunzi au bail mobilité. F inafuata 2028, E 2034.

Ila usikate tamaa bado. Julai 2024 vipimo vya nyumba zilizo chini ya mita 40 vililegezwa. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya ADEME (wakala wa serikali wa mazingira na nishati), utapata daraja jipya bure. Ikitoka F umepata muda tu, si dawa. Paa ni mali ya jengo zima, kwa hiyo kulizuia lisipoteze joto kunahitaji kura ya wamiliki.

Kitasa_4:
Ndiyo maana usome mihtasari ya mikutano ya wamiliki ya miaka mitatu iliyopita, muuzaji anawajibika kukupa. Tafuta neno toiture (paa), tafuta ascenseur (lifti), na angalia kama hoja ileile imeahirishwa kila mwaka. Kazi zilizopigiwa kura, awamu ikidaiwa baada ya wewe kununua, bili inakuja kwako, labda compromis (mkataba wa awali wa mauziano) iseme vinginevyo. Mwambie notaire aandike kwamba kila kilichopitishwa kabla ya kusaini ni cha muuzaji, na kwamba ukinyimwa mkopo arabuni inarudi. Baada ya kusaini una siku 10 za kujitoa bila sababu.

Kwa kuwa ni chini ya paa, pima pia. Sehemu yenye kimo chini ya mita 1.80 haihesabiwi. Eneo lililoandikwa likizidi halisi kwa zaidi ya asilimia 5, una mwaka mmoja wa kudai upunguziwe bei.