Kujibanza nyuma ya mwenzako kwenye mbio za baiskeli za milimani: tupeane uzoefu

Tairi Pana: Wadau, hamjambo. Leo asubuhi pale Kona Baridi upepo umenisukuma hadi upande wa pili wa barabara, nikakumbuka jamaa aliyenikalia nyuma kwenye mbio fulani tangu Kiserian, mimi nakata upepo, yeye amejificha mgongoni kwangu. Hapokei zamu ya kukaa mbele, hasemi neno, halafu mita 200 za mwisho akachomoka kana kwamba ametoka kulala. Kwenye lami tumezoea. Kwenye maramu na mawe je? Mnajibanza, au kila mtu na upepo wake?

Gia Nyepesi: Huyo jamaa namjua 😂 Hakosi mbio.

Kobe wa Rongai: Ngozi imenisisimka kusoma hii. Ilikuwa kiangazi, zile tambarare za kuelekea Isinya, upepo wa mbele. Tulikuwa watano kwenye mstari, mimi wa nne. Ninachoona ni mgongo wa jezi nyekundu na vumbi, basi. Lakini utamu wake! Miguu imelegea, pumzi imetulia, nacheka peke yangu kwamba leo nimepata lifti. Wa kwanza akaona mtaro uliochimbwa na mvua, akauruka kimya kimya. Wa pili akaruka. Jezi nyekundu akavuta kushoto ghafla, na gurudumu langu la mbele lilikuwa tayari ubavuni mwa lake la nyuma. Zikasuguana kidogo tu. La kwake halikutikisika, uzito mwingi uko juu yake. La kwangu ndilo lililogeuka. Nikatua kwa bega na mtulinga ukakatika, niliusikia.

Waliendelea wote. Aliyekuja ni kijana mchungaji, akanifunga mkono shingoni kwa shuka lake, akampigia simu mjomba wake mwenye boda. Njia nzima mjomba ananiuliza tulikuwa tunafukuza nini. Mimi nahesabu mawe tu.

Gia Nyepesi: Pole sana mzee. Na hawakusimama? Hao ni watu kweli?

Kobe wa Rongai: Jezi nyekundu alikuja hospitali na machungwa. Yaliisha.

Bila Msaada: Ndiyo maana nasema kujibanza ni wizi. Mbio za milimani ni wewe, baiskeli yako na mlima. Ukitaka kubebwa, panda matatu.

Mwalimu wa Jioni: Kaka, sheria haikatazi. Kwenye mbio ambazo wote mnaondoka pamoja, ruksa. Kinachokatazwa ni kwenye zile za kushindana na saa, kila mtu anaondoka peke yake, na triathloni nyingi. Halafu tuangalie hesabu: ukiongeza mwendo mara mbili, hewa inakuzuia mara nne, na nguvu ya kuishinda hiyo hewa inapanda mara nane. Kwa hiyo kwenye tambarare, kilomita 35 kwa saa, aliye nyuma anakula bure. Kwenye kupanda Ngong, ambako wengi wetu tunakwenda mwendo wa mtu anayekimbia polepole, unamfuata mwenzako kwa upweke tu. Hapo adui ni mlima wenyewe.

Bila Msaada: Sheria na adabu ni vitu viwili, mwalimu. Mtu asiyepokea zamu hana adabu.

Mwalimu wa Jioni: Hapo sibishi. Ila usimwite mwizi.

Bila Msaada: Nimemwita.

Mama Spoki: Acheni hayo, niwaambie langu. Wanaume wengi hawataki kuonekana nyuma ya mwanamke. Nikiwa mbele kwenye maramu, mtu ananipita kwa hasira, anafika mbele yangu, anaishiwa, nalazimika kushika breki. Nampita. Ananipita tena. Angetulia nyuma yangu tungefika wote mapema! Siku hizi nikimsikia anakuja namwambia, "Karibu, kaa hapo, tutabadilishana kwenye mti ule." Wengine hukubali. Wengine hujifanya hawajasikia.

Gia Nyepesi: Dada umetusema vibaya lakini ni kweli.

Pedali Moja: Nyinyi mnaongea mitaro. Sisi Hell's Gate, kule Naivasha, tulikuwa mstari mmoja, kila mtu macho kwenye gurudumu la mbele, ngiri akatoka vichakani mkia juu na watoto wake nyuma. Kiongozi akapita. Wa pili akapita. Mama ngiri akaamua kupita kati ya wa tatu na wa nne, na hapo kati hapakuwa hata na nafasi ya paka. Wa nne, ambaye ni shemeji yangu, aliruka juu ya usukani akaangukia majani. Baiskeli ikaendelea peke yake hadi kwenye miiba.

Tairi Pana: Ngiri alipona?

Gia Nyepesi: Watoto wa ngiri je?

Pedali Moja: Mbona hakuna anayeuliza shemeji?

Kobe wa Rongai: Shemeji ana helmeti. Tuambie ngiri.

Pedali Moja: Walipita wote. Shemeji alichomwa miiba akienda kuitoa baiskeli.

Fundi wa Kawangware: Mimi nawatengenezea hizo baiskeli, sikilizeni. Kwenye maramu acha urefu wa baiskeli nzima, na usikae mstari mmoja na mwenzako, toka kidogo pembeni uone njia.

Bila Msaada: Ukitoka pembeni upepo unakupiga, sasa umejificha nini?

Fundi wa Kawangware: Inategemea upepo unatoka wapi. Ukivuma kutoka kushoto, kaa nyuma yake upande wa kulia. Unapata kivuli na unaona mbele.

Mama Spoki: Na vumbi lote linakuja huko huko kulia. Leso puani, miwani isiyo nyeusi.

Gia Nyepesi: Mimi nakaa karibu kabisa, nusu mita. Ukiogopa unaachwa.

Kobe wa Rongai: Kwenye lami sawa. Kwenye maramu nitumie namba ya ndugu yako wa karibu kwanza.

Tairi Pana: Na Karura mnafanyaje? Zile njia nyembamba za msituni?

Mwalimu wa Jioni: Karura upepo haufiki sana chini ya miti, na kwenye njia hizo mwendo ni mdogo, kwa hiyo cha kujificha ni kidogo. Faida ya kumfuata mtu pale ni kuona anapitia wapi kwenye mizizi. Mchague anayejua njia.

Pedali Moja: Na anayejua kupiga kelele. Shemeji anasema kiongozi wetu alikuwa bubu siku ile.