Ufukwe wetu upande wa Igombe umezungushiwa ukuta, sasa tunadaiwa elfu tano kugusa ziwa!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Jana Jumapili nimewachukua wanangu wawili na mama yangu mzazi, tukapanda daladala ya Igombe kutoka mjini Mwanza, tukashuka, tukashika ile njia ya katikati ya mashamba ya mihogo kuelekea ziwani kama tulivyozoea miaka yote. Njia imeishia kwenye geti la mabati.

Kwa asiyepajua, ni kaufukwe kadogo kati ya mawe mawili makubwa. Hakuna hoteli, hakuna spika, hakuna hata kibanda cha soda. Kuna mwembe mmoja, mitumbwi imelazwa kifudifudi, na asubuhi kina mama wanaanika dagaa. Maji yakikufika magotini bado unaviona vidole vyako vya miguu. Marehemu baba alinifundisha kuogelea pale.

Getini kuna kijana mlinzi. Akamwamkia mama shikamoo, adabu anayo. Halafu akasema, "Mama, hapa ni kwa bosi. Mkubwa elfu tano, mtoto elfu mbili, chakula cha nje hakiingii." Mama akamuuliza, "Mwanangu, ziwa mmelinunua lini?" Kijana akainama. Simlaumu, katumwa.

Nikawaacha kivulini, nikapanda kwa juu ya mawe kuona. Ukuta wa tofali unashuka mpaka mchangani, na nguzo mbili za zege zimesimama ndani ya maji kabisa! Nikahesabu hatua kutoka msingi wa ukuta wa nyumba anayojenga huyo bosi hadi maji yanapoishia: 19. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Hatua 19 ni mita 60 kwa kipimo gani? Na mwaka 2020 ziwa lilipojaa, huo mwembe ulisimama majini, na msingi umechimbwa chini ya mwembe. Wenyeji wote wanalijua hilo.

Ila kilichonichoma zaidi ni wale kina mama wa dagaa. Wamesukumwa hadi maweni. Zamani walitandika nyavu kuukuu mchangani, ndoo baada ya ndoo, jua likafanya kazi yake. Jana nimemkuta mmoja anaanika juu ya jiwe lenye mteremko. Dagaa wanateleza wanaingia kwenye nyufa, naye amechuchumaa anawachokoa kwa kijiti, mmoja mmoja, anawapuliza vumbi, anawarudisha. Ameniambia amepewa siku tatu awaondoe hata hao dagaa wa maweni. Maji ya nyumbani wanazunguka kuyachota upande wa pili, ndoo kichwani, mguu kwenye utelezi.

Najua watakuja wa kusema uwekezaji unaleta ajira. Sawa, ajenge nyuma ya hizo mita 60, achome sato wake, nitakuja na familia na nitalipa. Hoteli siipingi. Napinga kufungiwa njia ya kwenda majini. Mji wetu umekumbatiwa na ziwa, lakini hebu nitajieni sehemu ambazo mtoto wa Igoma au Nyakato anakanyaga mchanga bila mzazi kutoa hela. Zinahesabika, na kila mwaka inapungua moja. Wanangu walirudi nyumbani na mataulo makavu. Yule mdogo aliniuliza njiani kama tumefanya kosa.

Nimepiga picha 11, ukuta na nguzo zinaonekana vizuri. Kesho asubuhi naanzia ofisi ya serikali ya mtaa, nikizungushwa nakwenda NEMC, wale wa taifa wanaosimamia mazingira. Anayejua kama ujenzi ule una kibali aseme hapa hapa. Na mkazi wa Igombe au Kayenze aliye tayari kusimama nami kama shahidi anitumie ujumbe leo, maana siku tatu za yule mama zinaisha Jumatano.