Tupeane uzoefu: mtu mweusi kuishi na kufanya kazi kwenye miji ya milimani, Kusini mwa Marekani

Dereva wa Usiku
Wakuu, heshima kwenu. Vijana wetu wengi siku hizi wanaitwa kazini kwenye miji midogo ya milima ya Appalachia: hospitali, viwanda vya kuku, nyumba za kulea wazee. Pango nafuu, kazi ipo, lakini swali la kwanza ni lile lile: mtu mweusi anaishije kule? Wanaojibu wengi wamekaa Houston au Minneapolis. Naomba mliokaa milimani wenyewe mseme, zuri na baya.

Naanza mimi. Naendesha trela, njia zangu ni I-75 ya Kentucky na I-24 ya Tennessee. Sijawahi kupigwa wala kutukanwa usoni. Ninachokutana nacho ni kimya. Unaingia mgahawani, mazungumzo yanakatika. Ukifungua mdomo wakasikia lafudhi, wanauliza umetoka wapi. Ukisema Tanzania nyuso zinalegea, maswali ya simba yanaanza. Mama mmoja mhudumu aliwahi kuniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba sisi Waafrika si kama weusi wa mjini. Chakula kilinishinda. Ukarimu ule nilikuwa napewa mimi kwa kumnyima Mmarekani mweusi ambaye babu zake wamezikwa nchi hii.

Na wengi tunadhani miji ile ni ya wazungu watupu kwa sababu weusi hawakupenda milima. Si kweli. Corbin, Kentucky, ndipo Sanders, mwanzilishi wa KFC, alipoanza kupikia wasafiri mwaka 1930. Miaka kadhaa kabla yake, mwaka 1919, kundi la wazungu liliwakusanya wafanyakazi weusi wa reli na jamaa zao, karibu watu 200, likawapakia kwenye treni kwa nguvu na kuwatoa mjini. Ukisimama kula pale na usimwone mwenyeji mweusi, sababu ni hiyo.

Nesi Bondeni
Asante kwa hii mada. Mimi ni Mkenya, niko hospitali moja Kentucky mashariki, upande wa makaa ya mawe. Wagonjwa wangu wengi ni wazee wa migodini, mapafu yamekwisha kwa vumbi, hawalali bila oksijeni. Kuna mzee alimwambia msimamizi wa zamu hataki nimguse. Msimamizi akanihamisha chumba, akaniambia nisiweke moyoni. Mzee sikumkasirikia sana, alikuwa anakufa. Msimamizi ndiye aliyenikata maini, kwa sababu kwake ombi lile lilikuwa la kawaida, kama mtu kuomba mto mwingine. Mkienda kazi huko, ulizeni kabla ya kusaini: mgonjwa akikataa nesi kwa rangi, mnafanya nini? Jibu litakuonyesha pa kwenda.

Ila nisiwadanganye, watu hawa wana utu. Mwaka nilipofiwa na mama, jirani ambaye hatukuwa tumeongea hata salamu ndefu alileta sufuria ya maharage, mkate wa mahindi na mboga kama sukuma wiki yetu. Hakuingia ndani. Aliweka barazani, akasema pole, akaondoka. Kesho yake akaja mwingine.

Mpare Halisi
Dada Nesi, pole sana kwa mama. Mimi nilikaa West Virginia nikisoma. Swali nililoulizwa kuliko yote halikuwa la rangi: "Wewe ni wa kina nani?" Kwao kila bonde lina ukoo wake, kanisa lake na makaburi yake, na mtu asiye na ukoo hapo hawajui wamweke wapi. Mzungu wa New York naye anaangaliwa hivyo hivyo. Nilijiona niko Usangi nimepeleka posa. Kwa maoni yangu kule tatizo ni ugeni na umaskini, rangi inakuja nyuma. Mwaka 1921, kwenye vita vya Blair Mountain huko huko West Virginia, wachimbaji kama 10,000, weusi, wazungu na wahamiaji wa Italia, walishika bunduki pamoja dhidi ya matajiri wa migodi.

Dereva wa Usiku
Mkuu Mpare, Blair Mountain ni kweli na inatia moyo. Lakini waliopakiwa treni Corbin hawakuulizwa ukoo. Na nenda wilaya ya Forsyth, Georgia, milima inapoanzia: mwaka 1912 weusi zaidi ya 1,000 walifukuzwa wilaya nzima, mashamba na makanisa wakayaacha. Walikuwa wenyeji pale, wenye majina yanayojulikana. Mwaka 1987, miaka 75 baadaye, watu walioandamana kwa amani kumkumbuka Martin Luther King walirushiwa mawe na chupa hapo hapo. Ugeni peke yake hauelezi hayo.

Mpare Halisi
Nimekuelewa, hoja hiyo ina uzito. Nilikuwa nazungumzia nilichokiona mimi, na mimi nilikuwa mgeni.

Mwana wa Uvira
Jambo ndugu zangu. Sisi tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tukaletwa Knoxville, Tennessee. Hapa tuko Wakongomani na Warundi wengi, tuna makanisa yanayoimba Kiswahili, hatuko wapweke. Lakini kazi yangu iko mji mdogo milimani, tunaenda watano kwenye gari moja alfajiri. Siku za mwanzo polisi alitusimamisha mara kwa mara, gari lile lile, saa ile ile. Tochi usoni, nyaraka za wote watano, hata waliokaa nyuma. Baba mmoja mzungu wa zamu yetu, fundi wa mashine, aliposikia alikwenda kituoni mwenyewe kuwaambia hawa ni watu wetu wa kazi. Polisi akaacha. Nilimshukuru kwa moyo wote. Ila niliwaza, kwa nini neno langu na vitambulisho vyangu havikutosha?

Kwa wenye watoto: karibu na sisi kuna mji wa Clinton. Mwaka 1956 vijana weusi 12 waliteremka kilima kwenda sekondari ya wazungu kwa amri ya mahakama. Kabla ya hapo walikuwa wanapelekwa kusoma huku Knoxville. Fujo zikawa kubwa mpaka jeshi likaitwa, na mwaka 1958 shule ikalipuliwa kwa baruti. Shule ya zamani ya watoto weusi, Green McAdoo, sasa ni makumbusho. Niliwapeleka wanangu. Binti yangu alisimama mbele ya sanamu za wale 12 muda mrefu, akaniuliza kama waliogopa. Nikamwambia waliogopa na walikwenda.

Mama Neema
Mimi nasoma tu humu, lakini mume wangu kapata kazi ya miaka mitatu hospitali ya milimani North Carolina. Tuna watoto wawili. Kaka zangu, tutajuaje mji ni wa aina gani kabla ya kuhamisha familia?

Nesi Bondeni
Mama Neema, nendeni wikendi nzima kabla ya kusaini pango. Tafuteni kama mji una kanisa la zamani la weusi, Baptist au AME Zion (Wamethodisti weusi), na makaburi yao. Likiwepo na bado linasali, ujue kuna weusi waliobaki pale vizazi kwa vizazi, na wazee wa kanisa hilo watawaambia barabara ipi, shule ipi, mwalimu yupi. Hapa kwetu hao ndio walionipokea kwanza, tangu enzi za migodi wapo. Jumapili ibada kwa kawaida huanza saa tano, fikeni mapema mkae na akina mama. Ukiwa na mji maalumu nitumie jina lake faragha, nina rafiki wa kazi upande wa Asheville nitamuuliza.