Vitabu vya zamani vya Kiswahili mwaka mzima: nianzie wapi?

Msomaji wa Usiku
Wakuu, kuanzia Januari nataka kusoma vya zamani tu, nusu saa kila usiku. Nianze na Utendi wa Tambuka, ule utenzi mrefu, kwa kuwa ni mkongwe, au nirudi nyuma taratibu? Na maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu, mnayapata kamusi gani?

Kalamu ya Mwanzi
Tambuka usianze nao, mkuu. Ni wa 1728, una beti zaidi ya elfu moja. Ukikwama Januari mwaka wote umekwenda. Anza na nathari: Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Adili na Nduguze (1952), Kusadikika (1951). Vyembamba, kurasa tano kwa usiku zinatosha. Aprili shika Utendi wa Mwana Kupona (1858): beti 102, tano kwa usiku, wiki tatu umemaliza. Wiki ya nne urudie kwa sauti. Muyaka, mshairi wa Mombasa, chagua mashairi yake kumi tu, diwani haimezwi nzima. Halafu Al-Inkishafi, utenzi wa mawaidha, na Tambuka Septemba hadi Desemba, beti kumi kwa usiku.

Mkarafuu
Hiyo ya sauti msiipite haraka. Wengi hukwama kwa sababu wanasoma kimoyomoyo. Kipande cha utenzi kina mizani (silabi) 8: ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti. Ukitamka "binti" kwa silabi mbili unapata 7, kipande kinapwaya, unadhani mtunzi kakosea. Al-Inkishafi ina mizani 10, pumua baada ya ya sita.

Kiamu: kabla ya kamusi, badili sauti. Nti ni nchi, ndia ni njia, moya ni moja, mato ni macho. Jihadhari na "ndoo", mara nyingi ni "njoo", hakuna maji hapo! Yanayobaki tafuta katika kamusi ya Sacleux (1939, maelezo ni ya Kifaransa) au ya Krapf (1882), ambayo ipo bure mtandaoni ila tahajia yake ni ya kale.

Hati za Pate
Ningegeuza mwisho wa ratiba. Tambuka ni mrefu lakini ni kisa cha vita, Herekali, mfalme wa Rumi, na jeshi lake, hadithi inakuvuta yenyewe. Al-Inkishafi haifiki beti mia, lakini kila ubeti ni mzito. Desemba nzima iachie hiyo.

Na ushike toleo moja hadi mwisho. Hati za asili ni za herufi za Kiarabu, ambako alama moja husimama kwa e na i, nyingine kwa o na u, kwa hiyo wahariri husoma tofauti, na hata namba za beti hupishana. Ukichanganya matoleo mawili, maelezo ya pembeni hayataoana na ubeti ulio mbele yako.

Msomaji wa Usiku
Shukrani wakuu. Inkishafi Desemba, basi.